Kikombe Hakikumbuki

Mama Rozali hakuvaa koti jeupe siku ile.
Alipangusa vumbi jekundu mezani kwa kiganja,
akaweka vikombe viwili vya bati
na punje nne za maharage: mbili nyeupe, mbili za madoa.
Nikawaza: tumetembea toka alfajiri
ili tupikiwe?

Muteb alikuwa mgongoni mwangu,
miaka mitatu, vidole vimevimba,
usiku wa tatu huo hajalala.
Kapend aliketi karibu na mlango
akizungusha kofia yake ya mgodini.
Nyuma yake mama yake, Ina Mujing,
aliyekuja kusikia kwa masikio yake
ni ukoo upi ulioleta balaa.
(Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa jina langu.)

"Kikombe hiki ni wewe, mama. Hiki ni wewe, baba.
Kila mtoto hupokea punje moja huku, moja kule.
Ya madoa ikiwa peke yake haina neno:
utazeeka nayo, utabeba makala mpaka soko la Katuba,
wala hutajua.
Zikikutana mbili, damu hujikunja kama mundu,
hunasa penye njia nyembamba.
Hapo ndipo mtoto hulia."

Tukafumba macho, tukachota, tukarudisha, tukachota.
Nyeupe na nyeupe.
Nyeupe na madoa. Tena hivyo hivyo.
Kisha madoa na madoa,
na hakuna aliyesema kitu.

Kapend, mtu wa kuhesabu zamu na magunia,
akainua uso: "Basi tumeshalipa.
Watatu wajao watakuwa wazima."
Mama Rozali akazirudisha punje, akatikisa.
"Kikombe hakikumbuki, baba.
Kila mimba ni kuchota upya."

Muteb akanyoosha mkono,
akaokota punje ya madoa, akaitia kinywani.
Tulicheka, hata mimi.
Kifungo cha blauzi yangu kikashika nafasi yake.

Kisha karatasi. Miraba kwa wanaume, duara kwa wanawake,
mistari ikishuka kama mizizi ya muhogo.
Akauliza taratibu,
kama abanduaye kitambaa kilichogandia kidonda:
"Na kwako, bibi, kuna walioondoka wadogo?"

Ina Mujing alitazama dirishani,
kule mlima mweusi wa mabaki ya shaba.
Redio ya jirani ilisoma taarifa ya habari, ikaimaliza.
"Wawili," akasema. "Nawej. Na Kamin.
Mikono yao ilivimba hivi hivi.
Wakwe zangu walisema nimewala.
Nilirudishwa kwetu na ndoo moja.
Aliyebaki ni huyu," na hakumtazama Kapend,
"na majina yale sijayataja tena."

Mama Rozali alichora mraba, akachora duara.
Akauliza majina huandikwaje.
Akayaandika yote mawili, polepole,
na kalamu ndiyo pekee iliyosikika.

"Hukuwala, bibi. Ulikuwa na punje moja,
na baba yao alikuwa na moja."
"Moja," akasema Ina Mujing. "Moja tu?"

Hakutuambia zaeni. Hakutuambia acheni.
Alisema maji mengi, chanjo, sweta
wakati wa baridi ya Julai hapa Lubumbashi,
homa ikipanda msingoje asubuhi.
Kapend aliuliza habari za dada yake wa baba mmoja,
anayetolewa mahari mwezi wa nane.
"Aje. Aje na mchumba wake.
Waje kabla, si baada."

Njiani bibi ndiye aliyembeba Muteb.
Hatukuzungumza. Lori la madini lilitupita,
likatupaka wote rangi moja.
Sijui bado kama tutachota tena;
Kapend naye hajui, na usiku tunalijua hilo kila mmoja upande wake.
Lakini karatasi ile Ina Mujing aliiomba,
yeye asiyejua kusoma,
akaifunga kwenye ncha ya kitenge, mahali pa pesa.
Jioni nilimsikia uani, kikombe mkononi:
"Kunywa, Nawej... Muteb. Kunywa maji, baba.
Bado kidogo. Maliza."